UZI: Dolní Věstonice, kijiji cha watu 300 chini ya mlima Děvín. Ardhi yake, historia yake, na kilichozama jirani

Mchoraramani · #1

Wakuu, salaam.

Mada za historia ya kale humu zikifika Ulaya ya Kati huishia kwenye picha ya kile kisanamu cheusi cha udongo cha mwanamke mwenye nyonga pana, kiitwacho Venus wa Věstonice, watu wanakisifia, basi. Kijiji kilikotoka hakizungumzwi. Naomba tukizungumze chenyewe, kwa sababu bila kuijua ardhi ya pale huwezi kueleza kwa nini kisanamu kilitengenezwa, kimesalimika vipi, wala kwa nini kijiji cha jirani leo kiko chini ya maji. Yote matatu yana chanzo kimoja: udongo.

Dolní Věstonice iko Moravia Kusini, katika Jamhuri ya Cheki, wilaya ya Břeclav. Ukitoka Brno ni kama kilomita 35 kuelekea kusini. Ukitoka Mikulov, mji ulio mpakani na Austria, ni kama kilomita 10. Wakazi ni takriban 300. Upande wa kaskazini kijiji kinatazama bwawa lililojengwa juu ya mto Dyje. Upande wa kusini ardhi inapanda ghafla kuelekea safu ya Pálava, na kilele chake Děvín kina karibu mita 550 juu ya usawa wa bahari. Uso wa bwawa uko kwenye mita 170 hivi. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa kilomita mbili tu unapanda zaidi ya mita 370.

Mlima wenyewe umepangika kwa namna ya ajabu. Juu kuna mawe ya chokaa ya enzi ya Jura, meupe na magumu, yenye umri wa karibu miaka milioni 150. Chini yake kuna tabaka za udongo wa mfinyanzi na mawe ya mchanga ambazo ni changa zaidi. Yaani kikongwe amemkalia kijana. Sababu ni kwamba milima ya Carpathia ilipokuwa ikijikunja, vipande vya chokaa vilikatwa huko vilikokuwa vikasukumwa juu ya tabaka hizi laini. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye nyufa za chokaa mpaka yakutane na mfinyanzi, hapo yanazuilika na kutokea pembeni kama chemchemi. Mfinyanzi ukishiba maji, mteremko unateleza. Ukitembea pale ukaona shamba la mizabibu lenye mawimbi mawimbi, mara nyingi hiyo ni alama ya maporomoko ya zamani.

Tabaka la tatu ndilo kiini cha uzi huu: loesi, vumbi laini la manjano lililopeperushwa na upepo wakati wa Enzi ya Barafu kutoka kwenye tambarare na kingo za mito zisizokuwa na majani, likatua kwenye miteremko ya mlima kwa unene wa mita nyingi.

Karibuni muongeze nyama.

---

Nyota_ya_Kusini · #2

Ahsante mkuu. Swali moja la haraka. Husemwa kwamba pale kulikuwa na kambi za wawindaji miaka 30,000 iliyopita, na mifupa ya mamothi (tembo wa kale wenye manyoya) ikakutwa kwa malundo. Mbona sehemu nyingine mifupa ya umri huo haipo kabisa? Na kwa nini walichagua mteremko badala ya tambarare kando ya mto?

---

Tabaka_kwa_Tabaka · #3

Dada, tuanze na mifupa. Adui wa mfupa ni asidi ya udongo. Udongo wenye asidi huyeyusha madini ya mfupa mpaka kinabaki kivuli tu ardhini. Loesi ya pale ina chokaa ndani yake, kwa hiyo haina asidi, na mfupa uliofukiwa humo hukaa. Jambo la pili, vumbi lilikuwa likiendelea kutua, hivyo kambi ikihamwa ilifunikwa kabla jua, mvua na wanyama hawajaimaliza.

Lakini msidhani kila kitu kimelala pale pale kilipoachwa. Katika Enzi ya Barafu ardhi ya chini ilikuwa imeganda mwaka mzima. Kiangazi kinapofika, juu kunayeyuka kiasi na maji hayana pa kwenda kwa sababu chini ni barafu. Tabaka la juu linageuka uji na kuteremka taratibu, pamoja na mawe ya kuchonga, mifupa na majivu. Ndiyo maana mchimbaji makini pale hupima mwelekeo wa kila kipande. Mifupa mirefu ikiwa imelala yote kufuata mteremko, umeona kazi ya tope. Majivu yakiwa na ukingo mkali na udongo chini yake umeungua mwekundu, hapo ndipo moto ulipowashwa kweli.

Kuhusu mteremko: bonde la Dyje ni sehemu ya njia ya asili inayounganisha bonde la Danube na tambarare za Poland kupitia lango la Moravia. Makundi ya mamothi, farasi na kulungu wa baridi yalipita huko. Ukikaa mteremkoni unaona bonde zima, uko juu ya ukungu na unyevu wa mtoni, na maji ya chemchemi unayo. Kambi nyingi za Dolní Věstonice na za Pavlov, kijiji jirani, zimejipanga kwenye mkanda huo wa mteremko; ukienda ukingo wa mto wenyewe au kileleni, hazipo kwa wingi huo.

Mwenye hamu ya kuona loesi ilivyo aende kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani cha matofali, unaoitwa Kalendář věků. Ni ukuta wima wa udongo, hifadhi ya taifa. Mistari ya kahawia iliyokolea ni udongo wa vipindi vya joto, mimea ilipoota. Mikanda ya manjano ni vumbi la vipindi vya baridi. Kumbukumbu ya mabadiliko ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka 100,000 iko pale mbele ya macho. Msiuparue wala kuukwea. Loesi kavu husimama wima kama ukuta wa nyumba, lakini ikilowa inapoteza mshiko na kudondoka kwa vipande vikubwa bila kutoa ishara.

---

Fundi_Tanuri · #4

Hapo kwenye loesi naomba nafasi, maana kisanamu chenyewe kimetokana nayo.

Kilipatikana tarehe 13 Julai 1925 katika uchimbaji ulioongozwa na Karel Absolon, kikiwa vipande viwili ndani ya majivu ya jiko la kale. Urefu wake ni milimita 111, upana milimita 43. Kichwani kuna matundu manne madogo, macho ni mikato miwili ya mshazari. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba udongo ulichanganywa na unga wa mifupa. Uchunguzi wa maabara uliotolewa mwaka 1989 ulionyesha kwamba vitu vya udongo vya pale vilifinyangwa kwa loesi ya hapo hapo mteremkoni, vikachomwa kwa joto la kati ya nyuzi 500 na 800 za Selsiasi.

Sasa tuitazame loesi kama malighafi. Sehemu yake kubwa ni chembe laini za kwatzi (madini magumu ya mchanga), mfinyanzi wenyewe ni kidogo. Maana yake:

Haina unato wa kutosha. Ukiikunja inapasuka. Ndiyo sababu vitu vya pale ni vidogo, na wanyama wengi (simba, dubu, faru, mamothi) walifinyangwa kwa sehemu: kiwiliwili peke yake, miguu peke yake, kichwa peke yake, kisha zikaunganishwa. Na kweli, vichwa na miguu iliyovunjikia kwenye maungio ni mingi mno.

Haisinyai sana ikikauka, na inavumilia mabadiliko ya ghafla ya joto kuliko mfinyanzi mzito. Hii ni faida kwa mtu anayechoma kwenye moto wa wazi.

Ina chokaa, na chokaa ina kikomo. Ukipita nyuzi 800 hivi, inaanza kuvunjika na kuwa chokaa hai. Kitu kikitoka motoni kinaonekana kizuri, kisha kinavuta unyevu wa hewani, chokaa inavimba, na uso unabanduka. Kwa hiyo moto wa wastani uliwafaa zaidi kuliko moto mkali, ingawa moto wa wastani unaacha kitu kikiwa laini na chenye vinyweleo.

Swali gumu ni hili: kama loesi inavumilia mshtuko wa joto, mbona vipande vilivyolipuka ni maelfu? Mipasuko mingi ina umbo la kulipuka kutoka ndani, yaani maji yaliyonaswa yalipogeuka mvuke. Pamela Vandiver na wenzake walipendekeza kwamba vilitiwa motoni vikiwa vibichi kwa makusudi, ili vilipuke, pengine kama sehemu ya ibada. Wengine wanaona ni mabaki ya kazi iliyoharibika tu. Mimi naegemea upande wa makusudi, kwa sababu mafundi waliojua kutuliza moto kiasi kile hawangeshindwa kusubiri kitu kikauke. Mwaka 1951 Bohuslav Klíma alifukua, juu kidogo mteremkoni, mabaki ya kibanda chenye tanuri na zaidi ya vipande 2,000 vya udongo uliochomwa.

Na tuwe makini na madai. Hawa hawakutengeneza vyungu. Vyungu vya zamani zaidi vinavyojulikana ni vya China, pango la Xianrendong, miaka kama 20,000 iliyopita. Věstonice ina sifa ya kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani palipochomwa udongo ili kutengeneza sanamu.

---

Nyota_ya_Kusini · #5

Nimeelewa vizuri sana, ahsante fundi. Ila umri unanichanganya. Kuna wanaosema miaka 25,000, wengine 27,000, wengine 31,000. Nani sahihi?

---

Tabaka_kwa_Tabaka · #6

Wote wanaweza kuwa sahihi, dada, wanatumia mizani tofauti. Kipimo cha kaboni 14 hutoa kwanza umri ghafi. Kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa sawa nyakati zote, kwa hiyo umri ghafi lazima urekebishwe. Kwa kipindi hiki marekebisho yanaongeza miaka elfu kadhaa. Maandishi ya zamani yenye 25,000 au 27,000 ni umri ghafi; yenye 29,000 hadi 31,000 yamesharekebishwa. Kisha kuna mtego wa pili: wengine wanahesabu kutoka leo, wengine "kabla ya Kristo", na hapo tofauti ya miaka 2,000 inajitokeza bila mtu kukosea. Ukinukuu tarehe, andika imerekebishwa au la, na imehesabiwa kutoka wapi.

Nyongeza kwa Fundi: juu ya vipande vya udongo uliochomwa vya Pavlov na Věstonice kuna alama za kamba na nyuzi zilizosukwa, zilizojikandamiza udongo ulipokuwa mbichi. Olga Soffer na James Adovasio walizichambua miaka ya 1990. Kwa hiyo ile picha ya watu waliojifunga ngozi tu tuiache. Kulikuwa na kamba, nyavu na nguo za kusuka.

---

Kumbukumbu_Hai · #7

Naona mmekaa sana kwenye mamothi. Naomba niwavushe, maana kijiji hiki kina historia ya karibuni iliyo nzito, na Wacheki wenyewe hawaipendi kuizungumza haraka haraka.

Kwa karne nyingi eneo hili lilikuwa chini ya mabwana wa Mikulov: kwanza ukoo wa Liechtenstein, kisha kuanzia 1575 ukoo wa Dietrichstein. Karne ya 16 Mikulov ilipokea Waanabaptisti (Wakristo wanaobatiza watu wazima tu) waliofukuzwa kwingine, na miongoni mwao walitoka mafundi wa vyombo vyeupe vya kauri vilivyojulikana kama vya Habáni. Walifukuzwa Moravia mwaka 1622. Ngome ya Děvičky, ile gofu mnayoiona juu ya Pavlov kwenye kila picha, iliteketea wakati wa Vita vya Miaka 30 jeshi la Sweden lilipoikalia.

Wakazi wengi wa vijiji hivi walizungumza Kijerumani. Kwenye ramani za zamani mtakuta Unterwisternitz, ndiyo hiyo hiyo Dolní Věstonice, hivyo ukitafuta kumbukumbu za kabla ya 1945 tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo nusu ya hati hutaziona. Baada ya mkataba wa Munich wa Septemba 1938, ukanda huu ulitwaliwa na Ujerumani na kuunganishwa na jimbo la Niederdonau. Absolon alipoteza eneo lake la uchimbaji. Taasisi ya SS, kikosi cha Wanazi, iitwayo Ahnenerbe iliingia, kazi ikaongozwa na Assien Bohmers katika miaka ya kwanza ya vita.

Aprili 1945, vita vikikaribia kwisha, jumba la Mikulov liliungua. Humo zilikuwa zimehifadhiwa sehemu kubwa ya mali za makumbusho ya Moravia, ikiwemo mifupa ya binadamu wa kale kutoka Předmostí, eneo jingine la Moravia, na vitu vingi kutoka Věstonice. Vingi vilibaki majivu. Kwa hiyo mtafiti wa leo anayetaka kupima tena matokeo ya miaka ya 1920 na 1930, mara nyingi anategemea picha, michoro na nakala za plasta. Ni hasara isiyofidika.

Mwaka 1945 na 1946 wakazi wa Kijerumani walifukuzwa, na nyumba zikachukuliwa na walowezi wa Kicheki. Ndiyo maana katika kijiji chenye historia ndefu namna hii utakuta familia nyingi ambazo mizizi yao pale haivuki vizazi vitatu au vinne.

---

Mto_Dyje · #8

Kumbukumbu_Hai umenifungulia njia. Niwaeleze maji.

Mabwawa ni matatu yaliyofuatana, kwa pamoja yanaitwa Nové Mlýny, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 30 na ushei. Yalijengwa katika miaka ya 1970 na 1980 kuzuia mafuriko ya Dyje na kumwagilia mashamba. Kijiji cha Mušov kilikuwa katikati ya bonde. Watu walihamishwa, nyumba zikabomolewa, na kilichobaki ni kanisa la Mtakatifu Leonard lililosimama peke yake kwenye kisiwa katika bwawa la kati. Karibu na hapo hapo, juu ya kilima, ilikuwepo ngome ya Warumi ya wakati wa vita vya mfalme Marcus Aurelius dhidi ya Wamarkomani, kabila la Kigermanik. Matofali yenye muhuri wa Legio X (kikosi cha kumi cha jeshi la Warumi) yamekutwa humo. Mwaka 1988 likapatikana Mušov kaburi tajiri la mtawala wa Kigermanik wa enzi hiyo.

Sasa sikilizeni hili. Matuta ya mabwawa yalihitaji udongo mwingi mno, na uliokuwa karibu ulikuwa loesi ya mteremko wa Věstonice. Mashine zilipokuwa zikichimba karibu na kile kiwanda cha matofali, wanaakiolojia walikuwa wakikimbizana nazo kuokoa kilichomo. Agosti 1986 Klíma alifukua hapo kaburi la vijana watatu waliolazwa pamoja. Wa katikati alikuwa na mifupa yenye ulemavu, wa kulia amelazwa kifudifudi, wa kushoto mikono yake imeelekezwa kwenye nyonga za wa katikati. Vichwani kulikuwa na udongo mwekundu. Wa katikati alidhaniwa mwanamke kwa miaka mingi, na maelezo mengi ya mapenzi na wivu yakajengwa juu ya dhana hiyo. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha wote watatu ni wanaume. Maandishi ya kabla ya hapo yanayoeleza "mwanamke na waume wawili" yasomwe kwa tahadhari.

Gharama ya mabwawa kwa mazingira ni kubwa. Misitu na mbuga za bondeni zilizotegemea furiko la kila majira ya kuchipua zilizama au, kule mto unakoelekea baada ya bwawa, zilikauka kwa kukosa furiko. Kuanzia miaka ya 1990 maji yamekuwa yakifunguliwa kwa makusudi kuingia kwenye misitu ya chini. Bwawa la kati kiwango chake kilishushwa na visiwa vikaachwa kwa ajili ya ndege. Sasa ni hifadhi, na wakati wa baridi mabata bukini hutua humo kwa maelfu. Watu wa bustani za maji wanafurahia bwawa. Mimi nasema bonde lile lilikuwa na thamani kuliko umwagiliaji uliopatikana.

---

Mchoraramani · #9

Mto_Dyje, tumekubaliana. Kwa wale waliouliza faragha namna ya kufika, naandika hapa kila mtu aone.

Kutoka Brno panda treni ya njia ya Břeclav, kisha basi, au fika Mikulov kwa treni halafu basi la vijijini. Tiketi ya IDS JMK, mfumo wa usafiri wa pamoja wa mkoa, inatumika kwenye treni za mkoa na mabasi. Unalipia kanda na muda, kwa hiyo hesabu kanda za safari nzima kabla ya kununua. Jumamosi na Jumapili mabasi ni machache sana. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujaondoka, kwa kuwa basi la mwisho likikupita ni kutembea mpaka Mikulov. Kuna pia barabara juu ya tuta kati ya bwawa la kati na la chini, inayokuvusha hadi Strachotín.

Kwa miguu, fuata alama nyekundu: kijijini, Děvičky, kilele cha Děvín, korongo la Soutěska, Klentnice, mlima Stolová hora, hadi Mikulov. Ni siku moja ya kutembea bila haraka. Kupanda mwanzoni ndiko kunakochosha. Juu hakuna maji wala kivuli cha maana, beba lita mbili kiangazi. Chokaa iliyolowa inateleza kama sabuni, viatu vya soli laini havifai. Usitoke kwenye njia: juu ni hifadhi, na Aprili kuna maua mafupi ya irisi yanayochanua ardhini kabisa ambayo hatua moja inayaua.

Jumba dogo la maonyesho liko kijijini. Makumbusho ya Archeopark ya Pavlov ilifunguliwa 2016, imejengwa chini ya ardhi juu ya eneo lenyewe la uchimbaji, na lundo la mifupa ya mamothi limeachwa lilipokutwa. Alama ya mahali kisanamu kilipopatikana iko kwenye mteremko kati ya vijiji viwili, ndani ya mizabibu. Na mkionja mvinyo wa aina ya Pálava, jueni ni zao la mseto wa aina mbili za zabibu, Tramín na Müller-Thurgau, uliofanywa na Josef Veverka mwaka 1953. Loesi inaihifadhia unyevu mizizi yake katika eneo ambalo ni miongoni mwa yenye joto na ukame zaidi nchini.

---

Nyota_ya_Kusini · #10

La mwisho wakuu: kisanamu chenyewe kiko pale kijijini? Na ile "ramani ya kale kuliko zote" iliyochorwa kwenye pembe ya mamothi ni kweli?

---

Fundi_Tanuri · #11

Dada, kijijini utaona nakala. Kisanamu halisi ni mali ya makumbusho ya Moravia mjini Brno, na mara nyingi hukaa chini ya ulinzi bila kuonyeshwa. Ukipanga safari kwa ajili yake, waandikie makumbusho kwanza. Mwaka 2004 kilipigwa skana na ikaonekana alama ya kidole mgongoni, iliyobaki tangu udongo ulipokuwa mbichi, ya mtoto wa kati ya miaka 7 na 15. Haithibitishi kwamba mtoto ndiye aliyekifinyanga. Inathibitisha kwamba alikishika kabla hakijachomwa.

Ya ramani ajibu Mchoraramani.

---

Mchoraramani · #12

Pembe hiyo ilipatikana Pavlov mwaka 1962. Ina mikato ya mawimbi ambayo wengine waliisoma kama mto unaopinda, na matao kama miteremko ya mlima. Ukiiweka kando ya ramani ya Dyje ya kabla ya mabwawa, mpindo mmoja unafanana. Tatizo ni kwamba mikato ya aina hiyo hiyo ipo kwenye vitu vingine vya kipindi kile kama pambo tu, na mto kwenye tambarare hubadili mkondo mara nyingi ndani ya miaka 30,000. Mpindo tunaoufananisha nao ni wa mto wa jana. Mimi naiweka kwenye fungu la mapambo mpaka ipatikane ya pili yenye mpangilio ule ule.